Sauti Yako Inamwita Baba

"Badilisha jina, Zoleka. Ni neno moja tu."

Zoleka alikuwa amepiga magoti kwenye kituo cha baiskeli karibu na kliniki, mtaani kwao Khayelitsha, akikaza bango la uzinduzi. Aliinuka akamtazama mchumba wake Mzoxolo kama mtu anayetazama mvua ikinyeshea nguo alizoanika sasa hivi.

Miaka miwili alihangaikia baiskeli hizo za kukodi. Kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa imezijaza kule ufukweni kwa watalii, na kila alipoziombea mtaa wake alijibiwa kwamba zitaibwa. Alibishana nao mpaka wakachoka wao. Jina alilichagua mwenyewe: Hamba, yaani nenda. Ukiifungua baiskeli kwa simu yako, sauti ya Zoleka inakuambia, "Hamba kakuhle," nenda salama. Majaribio yalikuwa yameanza, uzinduzi ulikuwa Jumamosi, na harusi yake Jumamosi inayofuata.

"Nipe sababu," alisema.

Mzoxolo akakuna kisogo. "Baba anaitwa Mhambi."

Ndani ya Mhambi mna hamba. Kwetu mzee haitwi jina lake, huitwa kwa ukoo. Zoleka alimjua baba mkwe kama Bhele, basi. Na kwetu mke akishaolewa hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Hulizunguka, akatafuta jingine.

"Jina la baiskeli umelijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na la baba yako?"

"Zoleka, usinitanie."

"Nauliza tu. Huenda nalo umelijua wiki hii."

Mzoxolo akaeleza kwamba shangazi yake, Nosisa, hakai wala halali. Alikuwa amekwenda dukani, mtu akafungua baiskeli pale kona, na shangazi akasikia mkwe mtarajiwa akimwita kaka yake kwa jina, hadharani. Hajakaa sawa, mtu mwingine akafungua nyingine. Na Mzoxolo alikuwa ametumaini muda wote kwamba jambo hili lingeisha lenyewe.

Lingeisha lenyewe! Kuna wanaume nyumba ikishika moto wanasubiri masika.

Zoleka alimwambia jina halibadiliki, sauti haiondolewi, na kama ana la zaidi akamwambie shangazi yake. Mzoxolo akaondoka bila kuaga. Mchana ujumbe ukaingia kwenye simu, kutoka kwa Bi. Petersen, mkuu wake kazini:

"Pole kwa kuugua, Zoleka. Mchumba wako ametueleza yote. Tumeahirisha uzinduzi. Kuna mtaa mwingine unazitaka baiskeli, nao wako tayari sasa. Tutaona. Pumzika."

Aliusoma mara mbili. Alikuwa mzima kabisa, tena ametoka kula maandazi mawili na soseji. Akampigia Mzoxolo, simu ikaita mpaka ikakata. Kisha ukaja ujumbe wake: "Nilifanya kwa ajili yetu. Tutaongea."

Zoleka alifungua baiskeli, sauti yake mwenyewe ikamwambia aende salama, naye akaenda, lakini salama haikuwa moyoni. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuvunja uchumba.

Aliwakuta sebuleni kwa kina Mzoxolo wote watatu: shangazi Nosisa kwenye kochi kubwa, Bhele na gazeti lake, Mzoxolo mlangoni kama anayetafuta pa kutokea. Alisalimia kwa adabu. Kisha akaweka simu mezani, ule ujumbe ukionekana.

"Mimi naumwa nini, Mzoxolo?"

Akausoma. Uso ukamshuka. "Uxolo, Zoleka," alisema, na hilo ndilo neno letu la kuombea radhi.

"Neno hilo usilitamke. Baba yangu anaitwa Xolile."

Mzoxolo naye alimjua mkwewe kwa jina la ukoo tu.

"Desturi hiyo ni ya wake," shangazi alisema. "Mwanamume haimhusu."

"Najua, shangazi. Mimi nitaibeba humu ndani maisha yangu yote, tena kwa heshima. Yeye aibebe leo tu."

"Lakini hata jina langu lina neno hilo," Mzoxolo alilalamika.

"Basi na jina lako. Mpigie Bi. Petersen. Weka spika, tusikie wote."

Simu iliita. Bi. Petersen akapokea.

"Habari za mchana, mama. Mimi ni..." Mzoxolo akakwama. Akamtazama Zoleka. Zoleka hakupepesa macho.

"Wewe ni nani?" sauti iliuliza.

"Mimi ni yule mwongo aliyekuambia Zoleka anaumwa."

Shangazi Nosisa alishika kifua.

"Haumwi, mama. Nilimwogopa shangazi yangu, nikaona rahisi kumwangusha mchumba wangu. Nimekosa. Kosa si lake wala la baiskeli. Nakuomba Jumamosi ibaki palepale."

Bi. Petersen akaomba kuongea na Zoleka mwenyewe.

"Ni kweli anayosema?"

"Ni kweli. Niko naye hapa, anatoka jasho."

"Aliniambia pia unataka sauti yako iondolewe."

"Sauti inabaki."

"Haya. Jumamosi, basi. Usichelewe."

Shangazi alianza kuhutubia juu ya aibu ya ukoo. Bhele akalikunja gazeti.

"Nosisa, huko barabarani watu wanaambiwa waende zao. Mimi nimekaa hapa, hakuna aliyeniita."

Shangazi akasonya. Akasema humu ndani neno hilo asilisikie. Zoleka akamwahidi hatalisikia.

Mzoxolo alimsindikiza nje, akaishika baiskeli kwa usukani asiondoke.

"Nilikuja kukuacha," Zoleka alimwambia. Machozi yalikuwa yanamtoka na yalimkera. "Na bado sijapoa. Ila siku zote nilitaka kusikia unasema jambo moja mbele ya shangazi yako bila kujificha. Leo umesema."

"Sasa nikuombe radhi kwa neno gani?"

"Tafuta. Mimi nitatafuta maneno mpaka nizeeke."

Walioana Jumamosi ile ya pili, baada ya baiskeli kuzinduliwa. Asubuhi ya kwanza Zoleka alisimama jikoni kwa wakwe, shuka mabegani, kilemba kichwani kama mke mpya wa kwetu, ndoo haina tone. Mumewe alikuwa ameegemea ukuta, anapiga miayo. Akataka kumwambia aende bombani. Neno hamba likamfika kwenye ulimi, akalimeza.

"Mume wangu," alisema, "hebu miguu yako ihame hapo, kisha inirudie na maji."

Sebuleni Bhele alicheka mpaka akakohoa. Mzoxolo akabeba ndoo, akatoka.