Ushahidi wa Mzee Nketsia

Araba Essuman huuza samaki wa moshi sokoni Sekondi, na mdomo wake hauna likizo. Lakini wiki ile alikuwa kimya hata wateja wakashangaa. Alikuwa ameitwa mahakamani kuwa mmoja wa juri, yaani wale raia saba wanaosikiliza kesi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia.

Mshtakiwa aliitwa Kwamena, fundi wa nyavu. Alidaiwa kumpiga mtu rungu na kumuua, jioni moja watu walipokuwa wakitoka mazikoni. Akipatikana na hatia, atafungwa maisha.

Kesi hiyo ilikuwa imeshasikilizwa mara moja. Juri ya kwanza haikukubaliana, ikabidi ianzwe upya. Katikati hapo shahidi mkubwa, Mzee Nketsia, mlinzi wa ghala la mbao, akafariki. Basi karani akasoma ushahidi wake wa kesi ya kwanza.

"Nilimwona Kwamena akimpiga," karani alisoma.

Moyo wa Araba ulimruka. Yaliyofuata hakuyasikia vizuri.

Jioni wakila, mumewe Ekow akamchokoza.

"Mbona leo hugombi na mtu? Unaumwa?"

"Marehemu kasema alimwona. Sasa mimi nani nibishe?"

"Thubutu! Marehemu hapingwi, mke wangu. Ukimpinga, tutamwaga pombe chini kumtambikia mpaka chupa zote ziishe, na bado hatatusamehe. Halafu ile juri ya kwanza, nasikia..."

"Ekow! Koma! Sitaki kusikia."

Araba aliogopa kwelikweli. Akimwamini marehemu bila kufikiri, huenda akamfunga mtu asiye na kosa. Asipomwamini, atakuwa amemvunjia heshima mfu.

Asubuhi aliwaeleza wenzake wa juri hofu yake. Kumbe hakuwa peke yake.

"Hata mimi natetemeka," alisema Bwana Quayson, kiongozi wao. "Lakini kwa nini tubahatishe na jaji yupo? Kuuliza si ujinga."

Mahakama ilipoanza, Bwana Quayson akasimama. "Mheshimiwa, maneno ya marehemu tuyachukueje?"

Jaji, mama mwenye sauti ya upole, hakucheka.

"Mmefanya vizuri kuuliza. Mzee Nketsia aliapa, na mawakili wa pande zote mbili walimhoji. Kwa hiyo mpimeni kama shahidi aliyesimama hapa mbele yenu. Kufa hakumwongezei ukweli, wala hakumpunguzii. Jiulizeni: aliona nini? Kulikuwa na mwanga? Maneno yake yanapatana na ya wengine?"

"Na ile juri ya kwanza, Mheshimiwa?"

"Iacheni. Msiulize walisema nini, wala msikisie. Amueni kwa ushahidi mliousikia humu ndani tu. Na kesi isizungumzwe nyumbani."

Araba akainamisha macho.

Waliomba ushahidi usomwe tena. Safari hii Araba alitega masikio mpaka mwisho. Wakili wa Kwamena alikuwa amemuuliza mzee, "Uliuona uso wake?"

"Hapana. Giza lilikuwa limeingia. Niliona nguo nyekundu ya msiba, nikajua ni Kwamena. Mchana alikuwa ameivaa."

Araba akashusha pumzi. Nguo nyekundu! Mashahidi wengine walikuwa wameshasema kwamba mtaa mzima ulitoka mazikoni, na karibu wote walivaa nyekundu. Na hakuna mwingine aliyemtaja Kwamena.

Juri ilijadiliana kwa utulivu, kisha wote saba wakakubaliana: hana hatia. Mama yake Kwamena aliketi sakafuni, akilia na kucheka kwa pamoja. Araba alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa beseni la samaki kichwani.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Ekow alimngoja mlangoni, uso ameukunja.

"Kwa hiyo mmempinga marehemu?"

"Nani kakwambia? Tumemsikiliza mpaka mwisho," Araba alijibu. "Alisema uso hakuuona. Tumemwamini."