Mgeni wa Droo ya Vipepeo

Kila siku baada ya masomo, Chiriku na binamu yake walipitia makumbusho kumngoja mama amalize kazi. Walizunguka nyuma ya jengo, wakatundika mikoba ukutani, wakakung'uta sketi zao na kunawa mikono, ndipo wakaingia chumba cha wadudu. Kilikuwa chumba cha baridi, chenye kabati za chuma zilizokaribia dari, na ndani ya kila kabati droo za wadudu waliokaushwa na kuchomwa pini.

Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Binamu yake, binti wa mjomba, alikuwa akiishi nao tangu mjomba alipopata kazi ya mbali. Yeye alikuwa mpole, na mkono wake ulitulia kama wa fundi saa. Kwa hiyo mama alimkabidhi kibano.

"Hivyo hivyo, taratibu, mwanangu," mama alimwambia siku moja, binamu akimpanga kwenye droo nondo aliyemwokota dirishani.

Mwanangu! Neno hilo lilimchoma Chiriku kuliko pini. Yeye kazi yake ilikuwa kukata vikaratasi vya lebo, ambavyo juu yake mama aliandika mahali mdudu alipopatikana, tarehe, na jina la aliyempata.

"Mdudu asiye na lebo ni takataka iliyokauka," mama alieleza. "Akiwa nayo, mtaalamu wa miaka mia ijayo atampima mabawa, amlinganishe na wa wakati wake, ajue kilichobadilika."

"Kwa hiyo jina lake litakaa humu miaka mia?" Chiriku aliuliza, akimwonyesha binamu yake kwa mkasi.

"Hata zaidi."

"Na langu je?"

"Lete mdudu wako."

Kesho yake Chiriku alileta mbawakawa wa kijani aliyekuwa amemficha kwenye kiberiti chini ya kitanda. Mama alifurahi, akamwandikia lebo, kisha akaelekeza kidole kwenye friza. "Mtie humo, alale wiki mbili. Huenda amebeba mabuu wanaokula wadudu waliokauka. Hata nondo wa mwenzako alianzia humo."

"Wiki mbili? Darasa letu linakuja kesho kutwa!"

"Litakuja siku nyingine."

Simu ya mezani ikalia, mama akaenda kuipokea. Chiriku hakuligusa friza. Alifungua droo ya vipepeo wa bluu, akamchomeka mbawakawa wake pembeni pamoja na lebo yake. Siku iliyofuata akaona pale hataonekana vizuri, akamhamishia ubavuni mwa nondo wa binamu. Darasa lilipokuja, mama akiwa anajibu maswali ya mwalimu, Chiriku aliwavuta rafiki zake na kuwaonyesha jina lake.

"Kumbe na wewe umo!" walisema. Chiriku alivimba kichwa. Jioni akamtia mbawakawa kwenye friza, kimya kimya.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja mama alivuta droo ya nondo, akaguna. Chini ya nondo wa binamu palikuwa na unga wa kahawia, na bawa lake lilikuwa limetoboka.

"Huyu ulimtoa kwenye friza mapema?" mama alimwuliza binamu.

"Hapana, shangazi. Nilingoja mpaka uliponiambia."

"Mbona basi mabuu wameanzia kwake?"

 Binamu alikiweka kibano mezani na kutazama viatu vyake.

"Chiriku, shika wewe leo," mama alisema, akiifunga droo kwenye mfuko wa plastiki. "Afadhali ni droo moja tu."

Hatimaye kibano kilikuwa mkononi mwake. Alikuwa amekitamani hata ndotoni, lakini sasa hakukitazama. Macho yake yalikwenda kwenye droo ya vipepeo wa bluu. Msitu walikotoka ulikuwa umekwisha kukatwa. Mama aliwahi kusema hakuna aliyewaona tena wakiruka.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno, "siyo moja. Mbawakawa wangu alilala na hawa wa bluu kwanza, ndipo nikamhamishia kwa nondo. Kwenye friza nilimtia baadaye."

Mama aliivuta droo ile haraka. Chini ya bawa moja, buu mwenye manyoya alikuwa akitambaa. Unga ulikuwa kidogo tu. Wakaifunga hiyo nayo na kuiingiza kwenye friza.

Kisha mama akamgeukia binamu. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kabla sijajua."

"Nisamehe na mimi," Chiriku alisema, akimrudishia kibano.

Binamu alikipokea. "Nimekusamehe. Ila nondo wangu sasa ana dirisha lake mwenyewe," alisema, na wote wakacheka, Chiriku huku akifuta machozi.

Mama alimketisha Chiriku karibu naye. "Ulimwona yule kipepeo? Juu anang'aa, chini ameanza kuliwa. Wivu nao hula hivyo, na hauishii kwa aliyeuleta. Umekosa, mwanangu, lakini umesema wakati kusema bado kunaokoa kitu. Siku nyingine ukiumia moyo, niambie mapema. Mapenzi yangu siyagawi kwa kibano."