Niliifundisha Roboti Mkono wa Binamu Yangu

Nina miaka arobaini na sita. Sina mke, sina mtoto, na chumba ninachokaa hapa Kibiti nakilipia mwezi kwa mwezi, kwa sababu tangu ujana sijawahi kuamini kwamba nitatulia mahali. Nimekaa Songea, nimekaa Nampula, nimefika mpaka Afrika Kusini. Huko kote nilikuwa nawaza nyumbani. Sasa niko nyumbani, na sina wa kuongea naye...

Ndugu zangu wasomaji, jambo hili nimelibeba peke yangu muda mrefu. Leo nalitua mbele yenu.

Nilizaliwa Mahege, lakini mama alipofariki nilipelekwa Kiongoroni, kule kwenye delta ya Rufiji, kwa mjomba wangu aliyekuwa fundi wa mashua. Mkewe alinilea na mwanawe Shamte kama pacha. Nilimwita mama, naye aliitika. Mimi na Shamte tulikula sahani moja, tukaingia jandoni siku moja, na kwa kuwa ni mabinamu, tulitaniana bila kuchoka. Yeye aliniita mla mihogo anayeogopa maji kama paka. Mimi nilimwita kaa wa matopeni. Hatukuwahi kupeana shikamoo wala habari za asubuhi. Salamu yetu ilikuwa matusi!

Baada ya kidato cha nne nikaanza kuzurura. Nikajifunza kuchomelea vyuma, nikapata kazi katika kiwanda cha magari kwenye mji mmoja wa bandari huko Afrika Kusini. Nikamwita Shamte. Akaja.

Kazi yetu ilikuwa kuunganisha bodi. Bati la ubavu, la sakafu na la paa yanaletwa, yanabanwa kwenye fremu, nasi tunayaunga kwa bunduki ya kuchomelea, nukta baada ya nukta, mpaka linapatikana gari lisilo na rangi wala injini. Kila aina ya gari ilikuwa na laini yake. Mimi nilikuwa laini ya magari madogo. Shamte alikuwa ya pikapu.

Na Shamte alikuwa bingwa! Kwenye kona ya paa la pikapu, bati likipata joto hukunjamana, na mlango haukai sawa. Wengi walishindwa na kona ile. Ya Shamte haikukunjamana hata siku moja, na wala hakuwahi kumweleza mtu siri yake.

Ndipo zikaja roboti.

Walizifunga kwanza kwenye laini yangu. Mikono mikubwa ya chuma, mirefu kuliko mtu, inageuka kila upande. Injinia akanichagua mimi nizifundishe, kwa sababu nilisoma kidogo na mkono wangu hautetemeki. Nilishika rimoti, nikaupeleka mkono wa chuma kwenye nukta ya kwanza, nikabonyeza ukumbuke, nikaupeleka ya pili... hivyo hivyo kutwa nzima. Aliniahidi kwamba kazi ikiisha nitakuwa msimamizi wa roboti hizo. Akanionya nisimwambie mtu lolote.

Mwanzoni niliamini kila roboti itajua gari moja tu. Wiki ya tatu injinia alinionyesha rafu iliyojaa vishikio vya kila namna, vile vya kukamatia bati. Ikija bodi ya gari dogo, mkono unavaa vishikio vyake. Ikifuata ya pikapu, unavua, unavaa vingine, kufumba na kufumbua. Laini moja, magari yote! Nilielewa pale pale. Laini ya Shamte ilikuwa inakufa.

Tukaanza bodi ya pikapu, tukafika kwenye ile kona ya paa. Roboti ikakunja bati. Tukabadili, ikakunja tena. Siku nne tukaharibu bodi. Injinia akaniuliza kama kuna mtu yeyote kiwandani anayeijua kona hiyo vizuri.

Ningesema jina moja tu, Shamte, huenda nafasi ile angeipata yeye. Unajua nilisema nini?

Nilisema, "Mimi."

Jioni ile tulikuwa tunakula ugali chumbani kwetu. Nikamwuliza Shamte kwa mzaha, kaa wa matopeni ameipata wapi akili ya kuunga chuma. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Mla mihogo wewe! Baba alikuwa anapigilia mbao mbele yako, ulikuwa unatazama nini? Ulikuwa unatafuta embe?"

Akachukua sufuria na kijiko akanionyesha. Unaanza katikati. Nukta moja kulia, moja kushoto, unakwenda nje taratibu, kama mjomba alivyokuwa akipigilia ubao wa mashua usije ukapasuka. Kona unaiacha ya mwisho. Na kabla ya kuigusa unavuta pumzi moja ndefu, bati lipoe.

Sikuelewa yote kwa siku moja. Nilihitaji kumwuliza tena na tena. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo kosa lenyewe lilipotokea.

Simu ilitoka Kiongoroni. Mama alikuwa mgonjwa, miguu imevimba, anamtaka Shamte. Shamte alinijia na jambo moja, akiwa hana utani hata kidogo.

"Binamu, wewe uko karibu na wakubwa. Kama laini yetu inafungwa, niambie nirudi sasa hivi kwa mama. Kama kazi ipo, nivumilie mpaka likizo. Nifanyeje?"

Nilimtazama machoni. Nikamwambia, "Baki. Zile mashine zinajua gari moja tu."

Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa sijamaliza kujifunza mkono wake! Kwa sababu nilichoka kuhamahama, na kwa mara ya kwanza nilipata kiti ambacho ningekaa. Nilijipa moyo kwamba mama ni mtu wa nguvu, atangoja...

Hakungoja. Mwezi wa pili baada ya hapo, asubuhi, tukiwa kazini, Shamte alipigiwa simu. Mama alizikwa alasiri ile ile, kama ilivyo desturi yetu, mwanawe wa pekee akiwa amekaa chini kando ya makabati ya nguo pale kiwandani, na bado amevaa glavu. Nilimkumbatia tukalia pamoja. Machozi yangu yalikuwa ya kweli. Lakini yalinisaidia nini?

Wiki mbili baadaye wafanyakazi wote waliitwa kutazama. Bodi ya pikapu ikaingia kwenye laini yangu. Mkono wa chuma ukavua vishikio, ukavaa vingine. Ukaanza katikati ya paa. Kulia. Kushoto. Ukaenda nje taratibu. Ulipofika kwenye kona ukasimama, ukatulia kidogo... kisha ukapiga.

Watu walipiga makofi. Shamte alikuwa pembeni yangu. Hakupiga.

"Ile pumzi ni yangu," alisema polepole. Kisha akanigeukia: "Kwa hiyo uliponiambia nibaki, ulikuwa unajua."

Hakunitukana. Nilimwomba anitukane! Aliondoka kesho yake na kundi lote la laini ya pikapu lililoachishwa kazi.

Mimi nilibaki na kiti changu. Miaka mitatu nilisimamia mashine zisizoongea. Kila baada ya dakika chache mkono ule ulivuta pumzi ya Shamte mbele ya kona, nami nikawa natazama pembeni. Sikuweza kula ugali. Nikaacha kazi, nikashika njia ya kurudi, na basi lilipovuka mto Rufiji kwenye daraja la Ndundu nililia kama mtoto.

Nilikwenda Kiongoroni. Shamte anatengeneza boti, ana mke na watoto. Nilipiga magoti nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema amenisamehe, Mungu ndiye apangaye. Akanipeleka kwenye kaburi la mama, tukasoma dua. Akanitandikia mkeka mpya, akaniletea maji ya kunawa kwa mikono miwili.

"Karibu, bwana. Habari za huko?"

Bwana! Hajaniita mla mihogo tena mpaka leo. Nimekwenda mara tano, na mara zote ananipokea vizuri mno, kama afisa aliyekuja kukagua kijiji. Wanawe wananiogopa. Nikiondoka hunisindikiza mpaka kwenye boti, hushukuru kwa kuja, na hugeuka kabla boti haijaondoka.

Wenzangu, sisemi mashine ni mbaya. Mashine ile haikumdanganya mtu. Nawasihi jambo moja. Nduguyo akikuuliza arudi au abaki, na wewe unajua jibu, mwambie, hata kama jibu hilo litakunyang'anya riziki yako. Riziki nyingine utaitafuta, mimi nimeitafuta nchi tatu na nimeipata kila mahali. Ndugu wa kukutukana kwa mapenzi sijampata tena popote.

Kama wako bado yuko hai, na kuna neno umemficha, mpigie simu leo.