Kibuyu Hakirudi Kitupu

Saa kumi na mbili jioni Waringa alitoka kurudisha kibuyu cha jirani. Ilikuwa kazi ndogo, kutoka nyumba namba kumi na tisa hadi namba saba, lakini miguu yake ilikuwa mizito tangu asubuhi. Ukungu ulishashuka juu ya majani chai. Mvua ya Kericho nayo haina adabu, hunyesha kila alasiri, uwe umeanika nguo au hujaanika.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anakumbuka kwao, na kukumbuka kwenu huchosha kuliko kulima.

Tena alikumbuka kwao akiwa mahali ambapo kila mtu alipaita peponi. Nyumba arobaini katikati ya majani chai, nje kidogo ya Kabianga, bila hata ua mmoja wa kutenganisha majirani. Watu wa kila kabila, wote wakisalimiana. Hakuna aliyefunga mlango. Hakuna mtoto aliyelia. Hata mbwa hawakubweka, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili. Gichuki, mume wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alipapenda hadi akaacha kutaja Mukurweini walikotoka. Ukimuuliza habari za kwao alijibu, "Nyumbani ni hapa," kisha akaendelea kula.

Siku ya kwanza Waringa alipolia, Christabel wa namba saba alimletea kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ya huku. Alikunywa akalala fofofo. Sasa, Waringa alilelewa vizuri. Mama yake alimfunza kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata kama utatia mahindi ya kukaanga. Basi akatia njahi, yale maharagwe meusi ya kwao, kiganja kimoja, zilizotoka shamba la mama yake. Mara ya pili akatia kipande cha leso aliyobebewa mgongoni akiwa mtoto. Hicho Christabel alikiomba mwenyewe.

"Kitu kidogo tu ya kwenu, my dear. Tukujue vizuri."

Tangu hapo simu zikapungua. Mama yake alikuwa akimpigia kila jioni akifungia kuku, na kila jioni swali lilikuwa lile lile: "Waringa, utarudi lini?" Sasa wiki nzima simu haikuwa imelia. Waringa alijiambia ni mtandao.

Kwenye kona alimkuta Kogo Chelangat akifunga gunia la majani chai. Kogo ni nyanya kwa lugha ya huku, na shamba la huyu lilipakana na nyumba zile, ingawa hajawahi kukanyaga huko. Alipokiona kibuyu, mikono yake ilisimama.

"Hiyo umetoa wapi?"

"Kwa jirani, Kogo. Si ni kibuyu yenu ya mursik?"

"Si yetu. Yetu tunasugua ndani na makaa ya senetwet, ile mti. Inanukia moshi. Hii inanuka nini?"

Waringa akafungua kifuniko, akanusa. Hakikunukia moshi. Kilinuka udongo mwekundu ulionyeshewa, na jivu la jikoni kwa mama yake.

Kogo akasogea, akanong'ona.

"Rudisha tupu. Usiweke kitu ya kwenu tena. Na usikae."

Mlango wa namba saba ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na giza, na rafu ndefu ukutani. Vibuyu. Kila kimoja na namba ya nyumba. Christabel alikipokea chake, akakitikisa kidogo.

"Umeleta nini, my dear?"

"Leo sina kitu."

"Kitupu?" Akacheka polepole. "Mama yako hakukufunza? Si neno. Vile viwili vilitosha."

Kisha, kule rafuni... kra, kra, kra. Njahi zikigonga ndani ya kibuyu. Namba kumi na tisa.

"Waringa..."

Sauti ya mama yake.

"Waringa, utarudi lini?"

Mkono wa Christabel ukatua begani mwake, baridi, mpole. "Unajua nini inakuchosha? Si wewe unawakumbuka. Ni wao wanakuita. Hapa tunawanyamazisha tu. Mwache hapa, upumzike."

Na kusema kweli, Waringa alitaka. Alichoka, Mungu anajua alivyochoka. Angekaa kwenye kile kiti, anywe maziwa, asikumbuke mtu tena. Lakini sauti ile ikakohoa. Kikohozi cha mama yake cha msimu wa baridi, ambacho hakuna dawa iliyowahi kukiponya. Waringa akakinyakua kibuyu rafuni, akakimbia.

Hakuna aliyemfukuza. Majirani walisimama milangoni, nyumba baada ya nyumba, wakimpungia mkono kwa tabasamu.

Alipofika kwake alifunga mlango kwa ufunguo, akampigia mama yake simu. Ikashika.

"Halo?"

"Maitu, ni mimi. Waringa."

Kuku walisikika kwa mbali.

"Umekosa namba, mama," sauti ikajibu kwa upole, ule upole wa kumjibu mgeni. "Mimi sina msichana. Mungu akubariki."

Simu ikakatwa.

Waringa akaketi sakafuni, kibuyu katikati ya magoti. Akikifungua, labda mama atamkumbuka. Labda pia sauti itapotelea kwenye ukungu, na hilo litakuwa la mwisho. Kogo angejua, lakini njia ya kwenda kwa Kogo ilipita mbele ya milango yote ile.

Kra, kra.

"Waringa, mbona unachelewa?"

"Niko njiani, maitu," akajibu, na akakikaza kifuniko kwa mikono yote miwili.