Umekula Pai ya Nani?

Ijumaa saa sita mchana, uwanja wa Chuo Kikuu cha Tolliver haupitiki. Bendi inafanya mazoezi nyuma ya maktaba, na wafanyabiashara wa mtaa wa Pettigrew wamepanga meza zao tangu ngazi za kanisa hadi getini: mafuta ya nywele, fulana, hereni, samaki wa kukaanga. Chuo hiki kilijengwa na watoto wa waliokuwa watumwa, na mpaka leo wakuu wake wanaamini kwamba mtaa ukilala na njaa, chuo nacho hakijashiba.

Ijumaa moja, kijana mmoja mrefu aliyevaa suti ya buluu alirudi nyuma kumpisha mpiga tarumbeta, akaikalia pai ya watu.

"Kaka, inuka. Umekalia chakula," alisema mwenye meza, Renita Gadsden. Alivaa gauni la njano, hereni za duara zikimgusa mabega.

"Samahani sana, dada. Nitainunua."

"Uipeleke wapi? Kwa dobi?"

"Kama ni mikono yako iliyoipika, naila hivyo hivyo."

Akaila. Wasichana wa meza za jirani walipiga vigelegele, na Renita akajifanya anapanga vijiko ili asionekane anacheka.

Kijana huyo aliitwa Quintrell Boykin, mwanafunzi wa uzamili wa biashara. Chuo humpa kila mwanafunzi wa aina yake maduka mawili ya mtaani ayalee kwa mwaka mzima, na humlisha kiapo: siri ya duka hili haivuki mlango kwenda lile. Duka la kwanza la Quintrell likawa la Renita. Alimtafutia zamu katika jiko kubwa la chuo, akamfundisha kupanga bei, akamjazia fomu za leseni. Baada ya miezi mitatu fomu zilikwisha, na yeye akawa bado anakuja.

Duka la pili lilikuwa la Shavonne Pruitt.

Naye Shavonne, kama Renita, anauza pai za viazi vitamu. Miaka kumi iliyopita wanafunzi walimchagua malkia wa chuo, na hadi leo akienda kutupa taka anatembea kama anayepigiwa makofi. Na mwaka huo chuo kilikuwa kimekarabati jengo la benki ya zamani pale kwenye kona, likiwa na duka moja la chini kwa mfanyabiashara wa mtaa, miaka miwili bila kodi. Renita na Shavonne wote walilitaka. Ili kuchagua mmoja, waamuzi wangeonja pai zao Jumamosi ya sherehe, wahitimu wa zamani wanaporudi kutembelea chuo.

Sasa, sisi watu wa huku hatuli ovyo. Ukiwekewa sahani, unauliza kwanza nani kapika, na mwanamume mwenye mpenzi mpishi anajua mipaka yake. Kwa hiyo Oktoba ya mwaka huo, Quintrell alipoanza kuikataa pai ya Renita asubuhi, Renita hakuhitaji mpiga ramli.

"Onja hata kidogo, mpenzi."

"Nimeshiba, sukari yangu."

"Umeshiba nini saa mbili asubuhi?"

Quintrell akaangalia viatu vyake. Kwenye masharubu yake palikuwa na chembe ya pai.

Mchana huo huo msusi wake Renita alimmalizia habari: kila siku saa moja kamili asubuhi, Quintrell huingia kwa Shavonne, pazia linashushwa, mlango unafungwa. Renita alitoka kwa msusi nywele nusu zimesukwa, akapiga simu akiwa barabarani.

"Unafanya nini kwa Shavonne?"

"Kazi ya chuo, Renita."

"Kazi gani ya kushusha pazia?"

"Siwezi kukwambia. Unajua nilikula kiapo."

"Na mimi ulinilia kiapo gani?"

"Mpenzi, niamini tu."

"Nikuamini una makombo ya mwenzangu mdomoni?" Akakata simu.

Wivu ukamkaa kifuani kama kiungulia. Aliunguza pai sita. Alijipaka rangi ya midomo mara tatu, akaifuta mara tatu, maana midomo ya Shavonne aliiona ni mizuri kuliko yake. Alhamisi, siku mbili kabla ya mashindano, saa moja na robo, alikwenda kuusukuma mlango wa Shavonne kwa bega. Kitasa kililegea.

Alimkuta Quintrell amekaa juu ya gunia la unga, kitambaa shingoni, macho ameyafumba, kijiko mdomoni. Shavonne alikuwa kasimama mbali, daftari mkononi.

"Bado," Quintrell alikuwa akisema. "Ongeza kungumanga."

"Renita!" Shavonne aliangusha kalamu.

"Usiniite. Mwanaume wangu anafanya nini humu?"

Quintrell alikishika kiapo chake hata pale. Shavonne ndiye aliyekaa chini, umalkia wote umemwisha.

"Sisikii ladha, Renita. Tangu nilipougua wakati wa baridi. Sukari na chumvi kwangu sawa. Nani atanunua pai kwa mpishi kama huyo? Basi huyu ananionjea."

Renita akachukua kijiko, akaonja, uso ukambadilika upya.

"Kungumanga. Ganda la chungwa. Hii ni pai ya bibi yangu!"

"Sikumwambia kitu, naapa!" Quintrell aliruka. "Mimi naonja tu. Nikiona haijawa tamu, namwambia aongeze hiki, apunguze kile."

"Mpaka iwe kama yangu."

"Mimi sijui tamu nyingine, Renita."

Renita alitaka kumpiga kwa kile kijiko. Alitaka pia kumbusu, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Badala yake alimvua kitambaa, akajifunga yeye.

"Toka. Kuanzia leo nitaonja mimi."

"Wewe?" Shavonne alishangaa. "Na Jumamosi tunashindana?"

"Mama yako alikuwa anatia pai yake asali na tangawizi. Nimeila utotoni, naikumbuka. Nitakurudishia yako, uniachie yangu. Na pazia lipandishwe."

Jumamosi waamuzi walionja, wakanong'onezana, wakampa Shavonne duka la kona. Renita alipiga makofi pamoja na wengine, na moyo ulimuuma, kwa nini nifiche. Neno moja tu, kwamba Shavonne hasikii ladha, lingetosha kumwangusha mwenzake, nalo lilimfika kooni mara mbili. Akalimeza.

Quintrell alimpata nyuma ya jukwaa akikunja kitambaa cha meza.

"Ungeweza kusema."

"Ningeweza."

"Mimi niliapishwa, ikaniwia vigumu. Wewe hukuapishwa na mtu, na bado umeitunza siri yake." Alipiga goti kwenye nyasi na suti yake ya buluu. "Renita Gadsden, utakubali nikuoe?"

Bendi ilikuwa inapita. Renita aliitazama, akamtazama Shavonne aliyekuwa akipigwa picha, kisha akamgeukia mwanaume wake.

"Nimekubali," alisema. "Lakini keki ya harusi nitaoka mwenyewe, na siku hiyo hakuna mwanamke mwingine wa kukulisha."