Mimi Ndiye Niliyekuwa Nikimshikia Mpira

Nina umri wa miaka ishirini na tatu. Ni fundi cherehani, nina kibanda changu Buswelu, na ufundi huu nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu baada ya masomo kunishinda. Labda ndiyo maana sina amani na kazi yangu. Mteja anaweza kulisifia gauni, akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, na mimi bado naliona pindo lililopinda kidogo. Namwomba alivue. Nalifumua.

Nayasema haya mapema, wasomaji wenzangu, ili mumjue mtu aliyefanya jambo hili. Sikulifanya kwa hasira wala kwa wivu. Nililipanga taratibu, nikiamini nimepata njia isiyo na kasoro!

Sisi ni mapacha. Mwenzangu ni Kulwa, mimi ni Doto. Baba alifariki tukiwa wadogo, na mama akatulea kwa kuuza viazi vitamu sokoni Igoma. Msimu wa viazi ukiisha aliuza michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa juani. Kulwa alikuwa na akili darasani na mguu wenye nguvu uwanjani. Baada ya kidato cha sita, kwa msaada wa watu wa kanisa, akapata nafasi katika chuo kidogo Marekani, kwenye mji ambao yeye mwenyewe alisema hata Wamarekani wengine hawaujui.

Huko wana mpira wao. Wanaubeba mikononi na kugongana kama mafahali. Lakini kuna wakati mtu mmoja huitwa aupige kwa mguu, upite katikati ya nguzo mbili ndefu. Mwenzake hupiga goti na kuusimamisha mpira chini kwa ncha ya kidole, kisha mpigaji anakuja mbio. Kocha wao alimwona Kulwa akicheza soka, akamwita. Ndivyo mtoto wa muuza viazi alivyogeuka mpigaji wa timu ya chuo.

Likizo moja alirudi na mpira mmoja wa aina hiyo. Mama aliuchukua, akaupima mkononi kama anavyopima mzigo wa sokoni.

“Mpira uko wapi hapa?” akasema. “Mmeniletea kiazi!”

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu uliitwa kiazi. Jirani yetu mmoja aliona video za mechi akauliza, “Hawa wanacheza au wamekamata mwizi?” Mama alimjibu kwamba akae kimya, mwanawe ndiye anayewamaliza kwa mguu mmoja.

Jioni tulikwenda uwanja wa shule ya msingi, mimi na Kulwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia. Mara ya kwanza niliogopa nikauondoa mkono, Kulwa akateleza akaanguka chali. Hakunigombeza. Alisema tu, “Doto, ukiogopa wewe, nakosa mimi.”

Sikuuondoa tena. Mguu wake ulipita karibu na kidole changu hadi nasikia upepo, na mimi nilitulia.

Pale chini, nikiwa nimepiga goti, nilikuja kuujua mguu wake kuliko yeye. Akiwa na wasiwasi, mguu wa kushoto, ule anaousimamia, unageukia kulia. Ukigeuka, na mpira unakwenda kulia. Yeye haoni kwa sababu macho yako kwenye mpira. Aliporudi chuoni tukakubaliana: kila Alhamisi anitumie kipande cha video ya mazoezi, nami nimwambie. “Mguu umegeuka.” “Leo umenyooka.” Chuo kilikuwa kidogo, kocha ana vijana wengi wa kuangalia, hakuna aliyekuwa na muda wa mguu mmoja. Mama alikuwa akiketi karibu nami na kusikiliza kila ujumbe wa sauti niliomtumia. Sikujua kama anajifunza.

Mwezi wa kumi mwaka jana mama alianza kukonda. Tukadhani vidonda vya tumbo. Hospitali ya rufaa wakampima, daktari akaniita pembeni peke yangu... Saratani. Imekwisha sambaa. Akaniambia tumpeleke nyumbani, tumpe dawa ya maumivu kwa saa zake, na ndugu wa mbali waitwe.

Nilitoka pale nikiwa na jambo moja kichwani. Kulwa!

Lakini mama alikuwa amekwisha nisoma usoni. Kwenye kitanda cha hospitali alinishika mkono. “Mwenzako asijue. Akijua ataacha kila kitu. Mwache acheze. Msimu ukiisha, siku hiyo hiyo mwambie, aje.”

Nikaapa. Ningefanya nini? Nilihesabu haraka: msimu ulikuwa ukingoni. Zaidi ya hapo, familia inayomlea kule ilikuwa imemwahidi tiketi ya kuja Krismasi, mara tu timu itakapomaliza.

Sikujua kuhusu mtoano.

Kulwa alipiga simu ya video akipiga kelele za furaha. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi chuo chao kilikuwa kimeingia hatua ya mtoano! Ukifungwa, unarudi nyumbani. Ukishinda, kuna Jumamosi nyingine. Mama alijifunika kanga vizuri, akalipa mgongo dirisha ili uso usionekane, akamwambia ana malaria kidogo tu, apige kiazi vizuri.

Mnaelewa nilikuwa wapi? Kadiri mwenzangu alivyoshinda, ndivyo kiapo changu kilivyorefuka. Na kadiri kiapo kilivyorefuka, ndivyo mama alivyopungua.

Mechi zilikuwa Jumamosi, kwetu kumeshaingia giza, na mama alilala mapema. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Sikufungua mtandao hadi Jumapili asubuhi. Nilimwosha, nikamketisha kwa mito, nikaiegemeza simu kwenye kikombe, tukatazama marudio ya mechi pamoja bila kujua matokeo. Mechi ya kwanza Kulwa alipiga mara tatu, zote zikapita. Mama alipiga makofi yasiyo na sauti! Mchana aliomba sato na ugali, akala matonge kadhaa. Jumatatu alitaka kutolewa nje aone watu. Mechi ya pili wakashinda tena, na tena Jumapili hiyo alikula, akamtania jirani kwa jina lake la utani.

Nilidhani ni dawa. Nilikuwa nimepanga saa za dawa kwa kengele ya simu, sijawahi kukosea hata dakika, na nikajipongeza kwamba uangalifu wangu ndio unaomnyanyua. Mungu wangu... Jinsi nilivyokuwa na macho ya kuona uzi uliopinda na nikashindwa kuona hilo!

Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuja kutoka Sengerema kunisaidia. Alinibana jikoni.

“Wewe Doto, mpigie mwenzako.”

“Mama mdogo, niliapa.”

“Uliapa kwa mgonjwa. Mgonjwa anasema mengi. Piga simu, mimi nitabeba hiyo dhambi.”

Sikupiga. Kuvunja kiapo kulikuwa doa, na mimi siwezi kuishi na doa. Nikaanza kuomba timu ya mwenzangu ifungwe. Nilipiga magoti kanisani, watu wakidhani namwombea mama, kumbe namwomba Mungu mpira wa pacha wangu ukose!

Alhamisi ya wiki ya tatu video ikaingia. Nilikuwa kibandani, nina sare ya shule kwenye mashine. Nikatazama mara moja tu. Mguu ulikuwa umegeuka. Haukugeuka kidogo... ulikuwa umegeuka vibaya, kila alipopiga. Chini yake Kulwa alikuwa ameandika, “Pacha, vipi? Nahisi kuna kitu.”

Niliandika, “Mguu umegeuka.” Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Ndipo wazo likaja, safi kama kitambaa kipya. Sitavunja kiapo. Sitasema uongo. Nitanyamaza tu. Timu itafungwa, msimu utaisha, nitampigia siku hiyo hiyo kama mama alivyotaka, na Kulwa atamkuta mama hai.

Nikamtumia dole gumba. Picha ile ndogo ya njano, basi.

Jumapili asubuhi tukaketi kama kawaida, mama, mama mdogo na mimi. Mechi ilikuwa ngumu. Mwishoni kabisa walikuwa nyuma kwa pointi mbili, na mpigo mmoja wa Kulwa unaleta tatu. Akaitwa. Mama alinishika paja, na mkono ule uliokwisha mwili ulikuwa na nguvu za ajabu. Kulwa akaja mbio, akapiga...

Mpira ukaenda kulia.

Wachezaji wa upande wa pili wakamwagika uwanjani wakishangilia. Kulwa alibaki amesimama, mikono kichwani, hakuna aliyemsogelea. Na mimi, ndugu zangu, moyoni nilisema: Asante, Mungu. Nadhani nilitabasamu.

Mama hakuwa akitazama simu. Alikuwa akinitazama mimi.

“Mguu wake umegeuka,” alisema. “Mguu wa kushoto. Alhamisi hukumwambia?”

Mama yangu, asiyewahi kukanyaga uwanja, aliuona!

“Mtandao ulisumbua, mama,” nikasema.

Huo ndio uongo wa mwisho niliomwambia mama yangu, na nilimwambia akiwa amelishika paja langu. Aliondoa mkono wake taratibu.

“Kwa hiyo Jumapili ijayo hakuna kitu?”

“Hakuna, mama. Lakini Kulwa anakuja! Nampigia sasa hivi!”

Akageukia ukutani. Mchana aliukataa uji. Nilipiga simu nikamwambia Kulwa yote kuhusu ugonjwa, akalia hadi simu ikakatika, na Jumanne alikuwa njiani. Nilimwambia mama kila saa: yuko uwanja wa ndege, amepanda, anavuka bahari. Alitikisa kichwa tu. Zile nguvu za Jumapili hazikurudi, ingawa dawa ilikuwa ile ile, kwa saa zile zile. Alifariki Jumatano jioni. Kulwa alitua Dar es Salaam siku iliyofuata, akawasha simu, akakuta ujumbe wa mama mdogo.

Daktari aliniambia ugonjwa ulikuwa umefika mwisho wake, nisijilaumu. Labda ni kweli. Lakini daktari hakuwapo zile Jumapili. Hakumwona akila sato.

Tulimzika kwao, upande wa Sengerema. Miaka yote alivuka Busisi kwa kivuko, na alikuwa akituambia kwamba daraja likifunguliwa atalipita na mapacha wake, mmoja kila upande. Tulilipita. Kulwa upande mmoja wa jeneza, mimi upande mwingine.

Siku moja kabla Kulwa hajarudi chuoni, alichukua mkoba wake na kile kiazi cha zamani. “Twende, Doto. Unishikie.”

Nikapiga goti pale pale uwanja wa shule. Akapiga mara kadhaa, zote zikanyooka. Kisha akakaa kwenye nyasi karibu yangu. “Ile siku nilikosea wapi? Nimeitazama ile video hadi macho yanauma. Sioni.”

Ningeweza kusema upepo. Angeniamini, maana hajawahi kutoniamini. Lakini nilikuwa nimechoka... Nikamwambia. Mguu. Alhamisi. Nikamwambia kwa nini.

“Uliona,” akasema.

“Niliona.”

“Ukanitumia dole gumba.”

Nikainamisha kichwa. Akauliza kama mama alijua. Nikamwambia mama aliuona mguu Jumapili ile tukitazama, na kwamba aliniuliza, na nilimjibu nini. Hapo ndipo uso wake ulipovunjika.

“Ungesema tu ‘Kulwa, njoo,’” alisema. “Maneno mawili, Doto! Ningekuja na viatu vya mpira miguuni. Na mama angeniona, hata kama ningemkuta amekasirika.”

 

Akainuka. Nilidhani tunaondoka, lakini aliuweka mpira chini, nami kwa mazoea nikapeleka kidole juu yake. Akasema kwa upole, “Acha, Doto. Inuka.” Akatoa mkobani kidude cha chuma chenye miguu mitatu, kile ambacho wapigaji hutumia wanapofanya mazoezi bila mtu wa kuwashikia. Akausimamisha mpira kwa hicho chuma. Akarudi nyuma, akaja mbio, akapiga, na mimi nimesimama pembeni nimeikunja mikono kama mpita njia.

Mpira ulipita katikati kabisa.

Msimu huu anacheza tena. Namtazama Jumapili asubuhi, peke yangu, simu imeegemea kikombe kile kile. Wiki iliyopita mguu ulikuwa umegeuka. Nilimwandikia palepale, bila kufuta: “Mguu umegeuka.” Ujumbe umefika. Hajaufungua.

Ewe unayesoma, ikiwa nyumbani kwenu kuna mgonjwa na kuna mtu wake yuko mbali, nakusihi, usipange kama nilivyopanga mimi. Usimfanyie hesabu mgonjwa, wala usimfanyie hesabu aliye mbali. Kuna viapo vinavyopaswa kuvunjwa, na doa lake unaweza kulibeba. Hili langu siwezi kulifumua.

Weka gazeti chini. Mpigie. Mwambie, njoo.