Kidole Chenye Vanishi

Mimi ni fundi wa vanishi. Miaka thelathini nimepiga msasa makabati ya watu, na vumbi lake nimelimeza. Sasa nina ugonjwa sugu wa mapafu.

Mke wangu aliumwa huo huo, kwa moshi wa jikoni. Alipotoka wodini walimpa karatasi: rudi baada ya mwezi. Mwezi hakuumaliza. Hakuna aliyempigia simu hata kumuuliza ameamkaje. Wakubwa walikuwa wanapaka rangi geti la hospitali.

Kwa hiyo siku niliyoruhusiwa mimi, nesi aliponipa kidude cha kubana kidole, nilicheka.

"Kila asubuhi pima hewa iliyo kwenye damu, mzee," akasema. "Tuma namba kwa simu, ujibu maswali matatu. Umelalaje, pumzi ikoje, makohozi yana rangi gani. Sisi tunasoma."

"Mtasoma au mtakunywa chai?"

"Tutasoma tukinywa chai."

Siku ya tatu namba ilikuwa themanini na mbili. Binti yangu, mshonaji, akaituma. Hajakaa vizuri kwenye cherehani, simu ikaita. Alikuwa yule nesi.

"Shikamoo mzee. Namba imeshuka sana. Unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi?"

"Marahaba. Hata kukutukana sentensi nzima naweza."

"Afadhali! Washa video nikuone."

Akatazama midomo yangu, akatazama kifua. Kisha akasema, "Nionyeshe vidole."

Vilikuwa vya kahawia mpaka kwenye kucha.

"Baba!" binti akaruka. "Jana si ulisema unaenda msibani?"

Nikakohoa kidogo, ingawa kikohozi hakikuwepo.

Nesi akaeleza. "Hicho kidude kinapitisha mwanga ndani ya kidole. Damu yenye hewa ya kutosha ni nyekundu zaidi. Kinasoma rangi hiyo."

Nikakigeuza, nikachungulia ile taa ndogo. Mwanga unapita kwenye nyama! Mbona hayo nayajua? Ukipiga vanishi mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, mistari ya mbao bado unaiona. Ukipiga kumi, mbao imepotea.

"Kwa hiyo vanishi imeziba mwanga?"

"Umeelewa haraka kuliko wanafunzi wangu."

Nikasugua kidole kwa sabuni mpaka kikawaka moto. Nikapima tena. Tisini na moja, namba yangu ya siku zote.

"Usikate," akasema. "Vuta ile dawa ya pampu nione."

Nikafungua mdomo, nikapuliza.

"Mzee, unaupaka ulimi rangi! Tikisa pampu. Toa pumzi yote kwanza. Ibane kwa midomo. Anza kuvuta taratibu, ubonyeze, uendelee kuvuta. Sasa zuia pumzi, hesabu mpaka kumi."

Nikahesabu. Kifua kikafunguka kama mlango.

"Mbona wodini hamkunionyesha?"

"Kosa letu."

Mtu wa hospitali kukubali kosa! Sikuwahi kusikia.

"Na hili shika," akaongeza. "Ukishindwa kuongea, au midomo ikigeuka kijivu, usingoje simu yetu. Njoo mbio."

Msasa nikauacha kabisa. Wiki ya pili, kidole safi, namba ikasoma themanini na sita. Makohozi yalikuwa ya kijani. Nikaogopa wodi ile, kitanda kile cha mke wangu.

"Andika tisini na moja," nikamwambia binti.

"Mama angepata wa kumwambia ukweli, angemdanganya?"

Akatuma ile ya kweli. Saa hiyo hiyo wakaniita kliniki, wakanipima kifua, wakanipa dawa. Jioni nilikuwa nyumbani kwangu. Baada ya siku tano namba ikarudi tisini na moja.

Siku ya kupimwa tena nilikutana na mkuu wa hospitali kwenye ngazi.

"Nesi ameniambia vidude mnavyo ishirini tu," nikamwambia. "Wagonjwa wa mapafu mnaowarudisha nyumbani ni wangapi? Wengine mnawapigia lini?"

Akatazama saa yake, akaanza kupanda. Nikapanda naye ghorofa nzima, namweleza habari za mke wangu, tangu ile karatasi mpaka kaburini. Yeye ndiye aliyesimama kuhema.